Mtoto Hakulia: Je, Dawa ya Degedege Inaulinda Ubongo Wake?

(Mhadhara huu ulitolewa Jumamosi asubuhi mjini Dodoma mbele ya wauguzi, wakunga, wanafunzi wa udaktari na wazazi wenye watoto wa mtindio wa ubongo. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Mbukwenyi!

Ahsanteni. Naona wenye mji mmeitika. Mliohamia na Serikali mtazoea, hamna haraka. (Kicheko.)

Swali la leo sikuliokota darasani. Niliulizwa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto wachanga, miaka mingi iliyopita, na mama mmoja aliyekaa na chupa ya chai ambayo hakuifungua. Mwanawe alizaliwa amechoka. Wakunga mnalijua neno hilo. Wazazi, tunaposema mtoto kazaliwa amechoka tuna maana kwamba hakulia, amelegea, rangi yake si nzuri, na kifua hakipandi. Siku ya pili akashikwa na degedege, tukamchoma dawa. Mama akaniuliza hivi: “Daktari, si mlijua tangu juzi kwamba ubongo wake umekosa hewa? Sasa mbona hamkumpa hiyo dawa mapema, kabla degedege halijaja?”

Nilimjibu kwa yale maneno tunayotumia madaktari tukiwa hatuna jibu. Nilimwambia “utaratibu”. Baadaye, nilipokaa na vitabu, niligundua kwamba swali lake lilikuwa limewasumbua maprofesa wakubwa kwa zaidi ya miaka 40, na walitumia nyani, panya na wagonjwa mahututi kulitafutia jibu. Yule mama alilifikia akiwa kwenye benchi.

Tuanze na ubongo wenyewe. Una uzito wa kama asilimia 2 ya mwili wa mtu mzima, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Chukua nyumba yenye vyumba vingi, halafu chumba kimoja kidogo ndicho kinachomaliza LUKU. Ubaya wake mwingine ni kwamba hauna akiba. Sisi hapa tunakunywa maji ya visima vya Mzakwe, na umeme ukikatika kule pampu zikasimama, mwenye tenki juu ya paa anaendelea kuoga hadi jioni. Ubongo hauna tenki. Moyo wa mtu mzima ukisimama, fahamu zinapotea ndani ya sekunde 10 hadi 15, na dakika ya nne au ya tano seli zinaanza kuharibika. Mtoto mchanga anavumilia kidogo zaidi yetu. Kidogo, si sana.

Sasa tazameni ndani ya seli, maana hapa ndipo hoja ya yule mama ilipo. Kila seli ya ubongo ina pampu zake ndogo zinazosukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani, usiku na mchana. Oksijeni ikikosekana, nguvu ya kuendesha pampu inakwisha. Chumvi inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Halafu inafyatuka. Inamwaga nje kitu kinachoitwa glutameti, ambacho siku zote ni tarishi mwema: anabisha hodi kwa seli ya jirani, anafikisha ujumbe, anaondoka. Leo tarishi ni elfu, wote wanagonga mlango kwa pamoja na hawaondoki. Mlango unafunguka na kalisiamu inafurika ndani, na kalisiamu ikishazidi inaamsha vimeng'enya vinavyoikatakata seli kutoka ndani. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, John Olney, aliupa mkondo huu jina. Kwa Kiswahili changu ni seli kufa kwa kusisimuliwa kupita kiasi.

Na balaa hili lina awamu mbili. Umempa mtoto hewa, amepumua, rangi imerudi, ndugu nje wameshapiga simu kijijini. Kisha, baada ya kama saa 6 hivi na kuendelea hadi siku ya pili au ya tatu, nguvu za seli zinashuka tena, polepole, wakati hewa ipo. Degedege la mtoto mchanga mara nyingi linakuja katika kipindi hicho. Wauguzi wapya, msisubiri litikise kitanda kama la mtoto mkubwa mwenye homa. Anatafuna hewa. Mguu mmoja unaendesha baiskeli. Jicho linaganda upande mmoja, au pumzi inakatika tu halafu inarudi. Bibi aliyekaa kando atakwambia mtoto anacheza na malaika. Wapo pia wazee watakaosema ni yule ndege wa usiku kampitia, na jina lenyewe la degedege linabeba imani hiyo. Sigombani na wazee. Naomba tu wanipe mtoto kwanza, moshi baadaye.

Basi mantiki inajijenga yenyewe. Kama seli inakufa kwa kusisimka, na tuna dawa ya kutuliza msisimko, tumpe kabla. Na dawa tunayo tangu zamani. Fenobabitoni ilianza kuuzwa mwaka 1912 na kampuni ya Bayer ya Ujerumani kwa jina la Luminal, kama dawa ya usingizi. Mwaka huohuo daktari kijana, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa ili walale, akaona usiku unapita bila vifafa. Zaidi ya miaka 100 sasa, na mpaka leo ndiyo ipo kwenye makabati yetu. Ni rahisi na inajulikana. Kwa nini isiwe kinga?

Mwaka 1978 ilionekana ni kinga kweli. Kundi la Peter Safar huko Pittsburgh, Marekani, lilizuia damu isifike kwenye ubongo wa nyani kwa dakika kadhaa, kisha likawapa thiopentali, ndugu wa fenobabitoni, kwa dozi kubwa. Waliopewa walitoka na ubongo mzuri kuliko wasiopewa. Dunia ya wodi za wagonjwa mahututi ikachangamka. Mwaka 1984 maabara ileile ikarudia jaribio kwa uangalizi mkali zaidi na kinga ile haikuonekana. Mwaka 1986 yakatoka matokeo ya binadamu: wagonjwa 262 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama, wakiwa bado hawana fahamu, nusu wakapewa thiopentali. Hakukuwa na tofauti ya maana, si ya kupona wala ya kufa.

Nawapenda watafiti wa namna hii. Si rahisi kurudi kwenye kitu kilichokupa sifa ukasema: jamani, nimekirudia, hakipo.

Kilichokuwa kinawadanganya kwa wanyama kilijulikana vizuri zaidi mwaka 1990. Buchan na Pulsinelli walichukua panya wa jangwani na dawa nyingine iliyosifiwa sana, ile inayoufunga mlango wa glutameti wenyewe. Waliopewa dawa seli zao zilisalimika. Lakini walipopima joto la mwili wakakuta dawa inawapoza. Wakarudia, safari hii wakiwapasha moto wabaki na joto la kawaida, na kinga ikayeyuka. Kumbe kilichokuwa kinaokoa ni ubaridi.

Ndiyo maana tangu 2005 hospitali kubwa za nje zinawapoza watoto waliokosa hewa hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, wakianza kabla ya saa 6 kupita. Naona wanafunzi mnaandika haraka. Wekeni kalamu chini kwanza. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa India, Sri Lanka na Bangladesh, watoto 408, katika hospitali zenye mashine na wataalamu. Waliopozwa walikufa asilimia 42. Wasiopozwa, asilimia 31. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akaenda kuweka barafu kwenye kitanda cha mtoto kule Bahi. Kwetu sisi kazi ni nyepesi kuisema na ngumu kuifanya: joto la mtoto libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mwezi wa Novemba, Dodoma hii, chini ya bati, naona mtoto kafungwa blanketi mbili na kofia ya sufu, anapimwa ana 38. Ubongo uliokosa hewa ukiunguzwa na joto unaumia zaidi. Mwezi wa Juni shida inakuwa upande wa pili. Kipimajoto ni cha bei ndogo kuliko dawa zote nitakazozitaja leo.

Turudi kwa fenobabitoni na watoto wachanga, maana si haki nikaisema vibaya tu. Mwaka 1998 ulitoka utafiti wa Marekani uliowapa watoto waliochoka sana dozi kubwa, miligramu 40 kwa kilo, kabla ya degedege. Walipofika miaka mitatu, 11 kati ya 15 waliopewa walikuwa wazima. Kwa wasiopewa ni 3 kati ya 16. Matokeo ya kupendeza, lakini hesabu idadi ya watoto: 31. Hao wanatosha daladala moja. Tafiti zilipokusanywa pamoja baadaye, picha ikawa hii: ukitoa dawa hizi kama kinga, degedege linapungua, lakini vifo havionekani kupungua, na ushahidi kwamba ulemavu unapungua hautoshi kufanya jambo hili liwe la kawaida wodini. Na mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani waliwapa vitoto vya panya dawa mbalimbali za kifafa, fenobabitoni ikiwemo, wakaona dawa zenyewe zinafanya seli za ubongo unaokua zijiue. Panya si mtu, najua. Lakini kama unampa mtoto dawa asiyoihitaji, inabidi hilo likukoseshe usingizi kidogo.

Sasa nije jirani. Utafiti ulionibadilisha ulifanyika Kilifi, Kenya, ukachapishwa mwaka 2000. Haukuwa wa watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ulikuwa wa malaria iliyopanda kichwani, watoto 340 wasio na fahamu. Nusu walichomwa fenobabitoni miligramu 20 kwa kilo mara walipofika, kama kinga. Nusu wakachomwa maji tu. Degedege la kurudiarudia liliwapata asilimia 11 ya waliopewa dawa, na asilimia 27 ya wasiopewa. Kama ningeishia hapo mngepiga makofi. Vifo: waliopewa maji, 14. Waliopewa dawa, 30.

Mara mbili na zaidi. Na wengi waliokufa ni pumzi iliyokata, hasa wale waliokuwa wamechomwa pia diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege, mara kadhaa. Dawa ilifanya kazi yake sawasawa. Ilituliza. Haikujua itulize nini na iache nini, na kituo cha pumzi nacho kiko ndani ya ubongo huohuo.

Nasema hivi nikiwa na langu. Nilikuwa daktari kijana, hospitali siitaji, si mbali sana. Usiku, mtoto wa saa nne tangu azaliwe, kilo tatu, amechoka lakini anapumua mwenyewe. Hana degedege. Mimi nimekumbuka benchi na chupa ya chai, nikaandika fenobabitoni “kama kinga”. Kile kichupa ni miligramu 200 ndani ya mililita moja. Mtoto wa kilo tatu anahitaji miligramu 60, yaani 0.3 ya mililita, kabla hujazimua. Ukikosea nukta moja umempa mara kumi. Nukta sikukosea. Kufika saa nane usiku mguu wake ukaanza baiskeli, nami bila kusubiri nikaongeza diazepamu.

Nesi wa zamu alikuwa mama wa makamo, mkimya, ana saa ya kiume mkononi. Akasimama kando ya mtoto akihesabu pumzi zake kwa dakika. “Daktari, arobaini.” Nikaendelea kuandika. “Daktari, ishirini na nane.” Nikainua kichwa. Aliposema kumi na mbili alikuwa ameshachukua ambubegi, ule mfuko wa mpira wa kumpa mtoto hewa, hakuningoja. Tukampa hewa kwa zamu, yeye na mimi, hadi adhana ya alfajiri. Katikati umeme ukakatika, mashine ya oksijeni ikanyamaza, tukaendelea na hewa ya kawaida kwa tochi ya simu. Na fenobabitoni kwa mtoto mchanga haitoki upesi, nusu tu ya dozi inaweza kuchukua siku nne hivi. Nikaitwa kwa huyo mtoto siku tatu mfululizo.

Aliishi. Lakini ubongo uliokwisha kukosa hewa mara moja, nilikuwa karibu niukoseshe mara ya pili, kwa mkono wangu, kwa jina la kuulinda.

Kwa hiyo ninavyofanya sasa ni hivi. Degedege likionekana, natibu, sitanii nalo, maana nalo linakula nguvu za ubongo. Kwanza napima sukari, kwa sababu sukari ikishuka mtoto anatikisika vilevile na fenobabitoni haina sukari ndani yake. Kisha miligramu 20 kwa kilo, polepole kama dakika 20, ambubegi ikiwa kitandani na si kabatini kwenye chumba cha matroni. Kama hana degedege, dawa inabaki kwenye chupa.

Kuna dawa moja ya kuzuia degedege ambayo inaulinda ubongo wa mtoto kweli, na wakunga mnaishika kila wiki: magnesiamu salfeti. Mnampa mama mwenye kifafa cha mimba. Mwaka 1995 ilishindanishwa na diazepamu na fenitoini ikazishinda zote mbili. Mwaka 2002 utafiti wa nchi 33 ukaonyesha kwamba ukimpa mama mwenye dalili za hatari, uwezekano wa kupata kifafa unapungua kwa zaidi ya nusu. Sasa la kushangaza: kwa mgonjwa wa kifafa cha kawaida haina msaada wa maana. Lakini ule mlango wa glutameti niliousema, magnesiamu ndiyo komeo lake la asili. Mwaka 2008 utafiti mkubwa wa Marekani uliwapa akina mama waliokuwa karibu kujifungua kabla ya wakati. Watoto wenye mtindio wa wastani au mkali walikuwa asilimia 3.5 kwa wasiopewa, na 1.9 kwa waliopewa. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa uchungu unaokuja kabla ya wiki 32.

Angalieni tofauti. Inapita kwa mama, kabla mtoto hajatoka, kwa njiti. Haimfanyi mtoto aliyetimia miezi tisa na akakosa hewa awe mzima. Na kwa mama napo kuna masharti: goti liitike nyundo, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo utoke, na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, iwe karibu.

Sasa kinga yenyewe. Kule Haydom, Mbulu, ukipandia Singida unafika, walifanya kitu kinachoonekana kidogo. Waliweka watu na saa chumba cha kujifungulia, wakaandika sekunde kwa sekunde mtoto asiyepumua anaanza kupewa hewa lini. Mwaka 2012 wakatoa hesabu: kila sekunde 30 za kuchelewa, hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu inapanda kwa asilimia 16. Sekunde thelathini ni muda wa kumwita mwenzako aliyeko wodi ya pili halafu ukamngoja. Mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza yalipopelekwa katika hospitali nane za nchi hii, kuanzia 2009, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Ni mfuko wa mpira, barakoa ya ukubwa sahihi, na mkono uliozoea. Thiopentali ya Pittsburgh haikuwahi kufika huko hata kwa ndoto.

Muda wangu umekwisha, naonyeshwa karatasi. Maswali mawili.

MWANAFUNZI: Daktari, na hizi dawa mpya, levetirasetamu? Tumesoma haikati pumzi.

Umesoma vizuri, ni pole zaidi kwa pumzi. Lakini ilishindanishwa na fenobabitoni kwa watoto wachanga, matokeo yakatoka 2020. Kuzima degedege kwa saa 24, fenobabitoni ilifaulu kwa asilimia 80, levetirasetamu asilimia 28. Walipimwa kwa mashine ya mawimbi ya ubongo, siyo kwa macho. Hilo ulishike, kwa sababu fenobabitoni ina ujanja: inaweza kutuliza mikono na miguu huku ubongo ndani bado unawaka. Wewe unaona mtoto kalala, unaandika “ametulia”.

MAMA: Mimi natoka Kongwa. Mwanangu ana miaka minne, ana mtindio, hakulia alipozaliwa. Anakunywa fenobabitoni kila siku usiku. Kwa maneno yako nimwachishe?

Hapana, mama. Usimwachishe. Ahsante sana kwa kuuliza, ningelala vibaya leo. Nilichokisema ni kumpa asiye na degedege ili eti kumkinga. Wako ana degedege?

MAMA: Alikuwa nalo. Sasa ni mwezi wa nane halijarudi.

Basi hiyo dawa inafanya kazi yake. Ukiikatisha ghafla linaweza kurudi likiwa kali na lisizimike. Siku ya kuipunguza ikifika, itapunguzwa kidogo kidogo na daktari anayemwona, kwa wiki nyingi. Amepimwa uzito lini?

MAMA: Alipotimiza mitatu.

Sasa ana minne, na dozi bado ni ya mitatu. Kadi unayo hapo? Haya, usiondoke. Ngoja watu watoke, tuitazame wote.